Mizani Haioni Umri wa Maharage

Kila lori linalotoka bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda au Burundi likifika Vigwaza, hapa Pwani, lazima lipande mizani. Dereva anapunguza mwendo, anaingia kwenye njia yake, anasubiri namba isomeke, na ikitoka salama anashukuru Mungu na kutafuta chakula. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nimepika kando ya Barabara ya Morogoro kwa miaka 19, na katika miaka yote hiyo swali la kwanza la madereva na utingo wao halijabadilika: "Mama, maharage yapo?" Hawaulizi nyama. Nyama wataipata popote. Maharage yaliyoiva, yenye rojo zito na tui la nazi, ndiyo yanayomfanya mtu apite vibanda vitano aje akae kwangu.

Kwa hiyo naomba mnielewe nikiandika kwa uchungu kuhusu maharage.

Masika ya mwaka jana nilinunua gunia la kilo 100 kwa muuzaji wa jumla. Bei yake ilikuwa chini kwa shilingi 300 kila kilo kuliko nilivyozoea. Maharage yenyewe yalikuwa masafi, hayana mawe, hayakutobolewa na wadudu, punje zimelingana. Uzito ulikuwa kamili, nilihakikisha mwenyewe. Nikaona ni bahati.

Siku ya kwanza niliyaloweka jioni, nikainjika saa 11 alfajiri. Kwa kawaida saa 3 asubuhi nakuwa nimeshaunga. Siku ile saa 3 ikapita, saa 5 ikapita, nikaongeza mkaa mara ya pili na ya tatu. Saa 7 mchana, foleni ya malori imejaa na watu wana njaa, nikachota punje moja nikaibana kwa kidole gumba na cha shahada. Ganda likateleza likavuka vizuri kabisa, lakini ndani pakabaki kitu kama chaki. Nikaunga hivyo hivyo maana sikuwa na la kufanya. Dereva mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, alikula vijiko viwili, akaisogeza sahani taratibu, akasema, "Mama Zuhura, leo yamekataa." Hakunikaripia, na hela alilipa yote. Heri angenikaripia.

Gunia zima likawa hivyo. Nikatia magadi, yakalainika kiasi lakini yakawa meusi na yakatoa ladha ya sabuni. Jirani mmoja akasema mkaa wangu ni wa mti laini. Mwingine akasema natia chumvi mapema. Mwingine, na huyu ndiye aliyeniumiza, akasema mkono wangu umeingia uzito. Mwanamke anayeishi kwa kupika akiambiwa hivyo hulala macho.

Likizo ilipofika akaja binti wa mdogo wangu, anayesoma sayansi ya chakula pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alinikuta na kilo 30 hivi zilizobaki, nikamsimulia yote. Hakuuliza kuhusu mkaa wala chumvi. Aliuliza, "Mama mkubwa, maharage haya yana umri gani?"

Sikuwa na jibu. Miaka 19 napika maharage, na sijawahi kuuliza swali hilo.

Kesho yake tukafanya jambo ambalo sasa naliona lingefaa kufanywa katika kila jiko linalouza chakula. Tukaazima mizani ya duka la jirani, ile inayopima unga na sukari. Nilikuwa na sado moja ya maharage mapya, dereva mmoja aliniletea kutoka Mbozi, yamevunwa Juni ya mwaka uleule, rangi moja na yale ya gunia. Labda ya gunia yalikuwa yamekolea rangi kidogo, lakini ukiyachanganya huwezi kuyatenganisha. Tukapima nusu kilo mara tatu. Maharage mapya nusu kilo kwenye beseni la maji ya bomba. Mapya nusu kilo nyingine kwenye hotipoti, yenye maji ya moto wa kuogea. Ya gunia nusu kilo kwenye beseni la tatu, maji ya bomba vilevile. Binti alikuwa na kipimajoto chake cha maabara: maji ya bomba nyuzi 28, ya hotipoti nyuzi 45.

Nilikaa juu ya kigoda nikayaangalia yale ya hotipoti, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, kwa sababu maharage ukishayaloweka unakwenda kulala. Dakika chache tu, ganda linaanza kujikunja, na linaanzia upande mmoja, karibu na lile jicho jeupe ambapo punje ilishikana na kiganda chake. Mkunjo unatembea, unazunguka punje nzima, hadi inakuwa kama kidole kilichokaa majini muda mrefu. Ganda limekunywa na kutanuka, moyo wa punje bado mkavu, kwa hiyo nguo imekuwa kubwa kuliko mwili. Kisha mwili nao unakunywa, unajaa, mikunjo inanyooka, na punje inang'aa tena ikiwa nene mara mbili. Binti akanieleza kwamba maji hayapiti kila mahali sawasawa. Mlango wao mkubwa ni pale kwenye jicho na kitundu kidogo kilicho jirani yake.

Baada ya saa moja tukayachuja na kupima. Yale ya maji ya bomba yalikuwa gramu 600. Ya hotipoti yalifika 720. Baada ya saa nne, ya bomba 850, ya hotipoti 980. Asubuhi yale ya bomba nayo yalikuwa yamefika kilo moja na kidogo. Kumbe punje haina haja ya usiku kucha. Inataka kiasi cha maji karibu sawa na uzito wake yenyewe, na ni joto linaloamua itayapata baada ya muda gani. Maji yakiwa ya moto unato wake unapungua. Ukiyatoa nyuzi 20 ukayafikisha nyuzi 60, unato unashuka hata chini ya nusu, kwa hiyo yanapenya kwa wepesi kwenye vinjia ambavyo maji baridi yanajikokota.

Hapo nilikwisha kufurahi. Nikasema dawa imepatikana, kumbe kosa langu ni maji baridi. Binti akaninyooshea beseni la tatu. Ya gunia, yale yaliyonitia aibu, asubuhi ile yalikuwa na uzito wa kilo moja na kidogo vilevile. Yamekunywa kama wenzao. Yamejaa, yamenenepa, yanang'aa. Palikuwa na punje kumi na kitu tu zilizobaki ndogo na ngumu kama kokoto, na hizo tukaziweka kando.

Tukayainjika yote, kila kundi sufuria yake, moto sawasawa. Mapya yaliyokaa hotipoti yalibonyea kwa kidole chini ya saa moja. Mapya ya maji ya bomba yakafuata nyuma yake kidogo. Ya gunia, baada ya saa tatu, chaki ileile.

Jambo hili limenikaa moyoni hadi leo. Mizani ilisema maharage yale ni sawa. Kabla ya maji yalikuwa sawa, na baada ya maji yalikuwa sawa. Sisi tunaoishi Vigwaza tumezoea kuamini namba ya mizani, na ni kweli mizani haidanganyi kuhusu uzito. Lakini kuna kitu haiwezi kukiona.

Binti alinieleza kwamba maharage yanaweza kukataa kuiva kwa njia mbili, na sisi wapishi tunazichanganya. Zile punje kumi na kitu zilizobaki kokoto zimefunga ganda. Maji hayakuingia kabisa. Hizo ukizikwaruza ganda kidogo zitakunywa. Aina ya pili ndiyo kubwa na ndiyo inayotutesa huku Pwani: maji yanaingia kama kawaida lakini chembe za ndani haziachiani. Punje ya harage imejengwa kwa vyumba vidogo vidogo mno, na kati ya chumba na chumba kuna gundi inayoitwa pektini. Kuiva ni gundi hiyo kuyeyuka, vyumba vikaachana, ndipo ulimi unapata ule ulaini. Harage likikaa muda mrefu kwenye joto pamoja na unyevu, ndani yake madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyokuwa yamefungwa mahali pengine huachiliwa, yakahamia kwenye ile gundi na kuikaza. Tangu hapo unaweza kuchochea moto mpaka mkaa wa Chalinze yote uishe. Maji yameingia ndani ya nyumba, lakini ukuta hauvunjiki.

Joto pamoja na unyevu. Nani asiyeijua hali hiyo ukanda huu? Anayeishi Pwani anajua kwamba hapa kila kitu kinakunywa maji hata kama hujakimwagia. Chumvi inaloa ndani ya kopo lake. Kiberiti kinakwaruzwa mara tano. Biskuti iliyoachwa wazi jioni, asubuhi imelegea kama mkate. Mlango wangu wa jikoni Aprili unabana mpaka uusukume kwa bega, na Septemba unacheza wenyewe kwenye fremu. Gunia la maharage lililokaa kwenye stoo ya mabati linakunywa hewa hiyo usiku na mchana, na mchana bati likishika jua, humo ndani mtu hawezi kukaa dakika kumi. Tena gunia lenyewe ni sehemu ya tatizo. La katani linanyonya unyevu kama kanga ya pamba inavyonyonya jasho. La salfeti halinyonyi, lakini limefumwa kwa nafasi na hewa inapita.

Ndipo nikaelewa maneno ambayo madereva wa Mbeya wamekuwa wakiniambia miaka yote nami nikiyachukulia kama majivuno ya kwao: "Mama, kwetu maharage yanaiva." Mji wa Mbeya uko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 100. Kwa hesabu ya moto peke yake, sisi ndio tungepaswa kuivisha haraka kuliko wao. Lakini wao wanapika yaliyotoka shambani, tena stoo zao ni za baridi. Sisi tunapika yaliyosafiri, yakalala, yakahamishwa, yakalala tena kwenye joto, na hakuna anayejua ni miezi mingapi.

Mchele nao uko kinyume kabisa, na nadhani ndio uliotupotosha. Mpunga unalimwa hapa hapa bonde la Ruvu, kwenye skimu ya umwagiliaji ya CHAURU, na kila mwanamke wa hapa anajua kwamba mchele mpya unashikana, unataka maji kidogo, na haujai. Mchele uliokaa unakunywa maji mengi, unatanuka, punje inasimama peke yake. Kwa hiyo mpishi wa wali anaulizia mchele wa zamani na yuko tayari kuongeza hela. Tumezoea kuwa nafaka iliyokaa ni nafaka iliyopevuka. Tukaipeleka akili hiyo kwenye maharage bila kufikiri.

Sasa naja kwenye hoja yangu. Nataka gunia la maharage liandikwe mwezi na mwaka wa mavuno, na mahali yalikotoka. Basi. Kalamu ya wino mzito na maneno machache. Katika magunia yote niliyonunua miaka 19 sijaona hata moja lenye maandishi hayo. Nimeona jina la kampuni iliyotengeneza mfuko wa mbolea uliogeuzwa kuwa gunia, nimeona namba za simu, nimeona "Mungu ni mwema". Mwezi wa mavuno sijauona. Wakala wa Vipimo wamesimama imara dhidi ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na mkulima amepata ahueni kwa kuwa gunia sasa linapimwa kwa kilo. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Lakini kilo 100 za maharage ya Juni na kilo 100 za maharage ya miaka miwili si bidhaa moja, hata kama mizani inasoma sawa, na mnunuzi ana haki ya kujua anachukua lipi.

Muuzaji atasema, nikiandika la zamani nani atanunua? Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu na mimi ni mfanyabiashara. Jibu langu ni kwamba watanunua wale wanaolihitaji, kwa bei yake. Harage la zamani likisagwa unga halina kosa, maana jiwe la mashine limekwisha kuvunja vile vyumba. Anayeuza bhajia hana shida nalo. Mwenye jiko la presha anaweza kulimudu kwa kiasi, kwa sababu ndani ya presha maji yanafika karibu nyuzi 120. Asiyeweza ni mama mwenye jiko moja la mkaa na watoto wanne, na huyo ndiye anayeuziwa, kwa kuwa yeye ndiye anayekimbilia bei ya chini. Anaokoa shilingi 300 kwenye kilo, halafu anachoma makopo matatu ya mkaa badala ya moja. Hakuna anayemwambia hesabu hiyo. Akishindwa, anaambiwa mkono wake umeingia uzito.

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ninaunga mkono kwa moyo wote. Mapafu yangu yanaujua moshi. Nina mtungi wa gesi, na chai, mayai, chapati na samaki napikia gesi. Maharage napikia mkaa. Waulizeni wanawake wengine wenye mitungi, kuanzia Mlandizi hadi Chalinze, na wengi watawajibu hivyo hivyo: harage linamaliza gesi. Harage ndilo linaloturudisha kwenye mkaa. Sasa kama harage jipya lililolowekwa vizuri linaiva chini ya saa moja na la zamani linakula saa tatu na bado, basi hilo gunia lisilo na tarehe ni jambo la nishati safi sawa na mtungi wenyewe. Katika semina mbili za nishati safi nilizoalikwa tulifundishwa jiko, bomba, na kufunga regyuleta. Hakuna aliyetaja kuloweka, wala stoo.

Kwa kuwa gunia bado halina tarehe, nitasema ninavyofanya sasa, na kila mtu achukue kinachomfaa.

Sinunui gunia siku ninayoliona. Naomba kikombe, nalipia, nakuja nacho nyumbani. Nahesabu punje 100, naloweka usiku, asubuhi nahesabu zilizobaki kokoto, kisha nachemsha zilizojaa kwa saa moja na kubonya kumi kwa kidole. Kubonya ni muhimu kuliko kuhesabu, kwa sababu, kama nilivyoeleza, yaliyozeeka hujaa vizuri tu. Muuzaji mmoja alikasirika nilipomweleza. Mwingine aliniambia nichukue kikombe bure, na huyo ndiye ninayenunua kwake sasa.

Kuloweka naloweka kwenye hotipoti kwa maji ya moto wa kuogea, yale niliyobakiza baada ya chai, kwa muda wa saa tatu hadi nne. Halipotei kaa hata moja. Zamani nililoweka mchana nikaacha hadi kesho yake, na kwa joto letu yanatoa povu na kuchacha. Maji yakiwa ya kisima, hasa yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, nayaepuka, maana yana kalsiamu ileile inayokaza gundi. Ya mvua ni bora kuliko yote. Natia kijiko cha chumvi kwenye maji ya kulowekea. Najua mmefundishwa kwamba chumvi inazuia maharage kuiva, na mimi nilifundishwa hivyo na bibi yangu, Mungu amrehemu, na nilibishana na binti siku nzima kwa ajili ya heshima ya bibi. Tukapika vyungu viwili. Chenye chumvi kilitangulia. Sodiamu ya chumvi inaichukulia kalsiamu nafasi yake kwenye gundi, na gundi inalegea. Bibi alikuwa sahihi kuhusu ndimu na nyanya, hizo zisubiri, asidi yake inachelewesha. Kuhusu magadi alikuwa sahihi nusu: yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na vitamini hiyo ni sehemu ya sababu ya kula maharage.

Jambo moja naomba lisomwe kwa makini. Maji ya kulowekea yamwagwe, na maharage, hasa mekundu, yachemke kwa nguvu kwenye moto kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kufunikwa kwenye kikapu cha kutunza joto au kuachwa kwenye moto mdogo. Yana sumu ya asili, lektini, ambayo maji ya uvuguvugu hayaiui. Mtu akila yasiyochemka sawasawa anatapika hadi anaishiwa nguvu. Hotipoti ni ya kuloweka. Kupika ni kwenye moto.

Na kwa anayehifadhi mwenyewe: yakaushwe hasa, unyevu usizidi asilimia 13. Mkulima asiye na kipimo huchanganya kiganja cha maharage na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, akatikisa, akaacha dakika kumi na tano, na chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa anarudisha maharage juani. Kisha yafungwe kwenye mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Afrika. Nailoni inazuia unyevu wa Pwani usiingie na inawanyima wadudu hewa. Joto haiwezi kulizuia, kwa hiyo mfuko uwekwe upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, juu ya mbao, mbali na bati. Mimi nimeuweka chumbani kwangu, miguuni pa kitanda. Watoto wananicheka, lakini maharage ya Juni yananifikisha Februari yakiwa bado yanabonyea.

Yule dereva mtu mzima amerudi. Miezi miwili alikuwa anakula kwa jirani, nami nilikuwa namwona akipita bila kunitazama, kwa aibu kama yangu. Siku aliyorudi nilimwekea sahani bila kusema neno, akala, akaomba nyongeza ya rojo.

Yule muuzaji wangu wa sasa nimemwomba aandike mwezi kwenye magunia yake, akakubali, nadhani kwanza kunistahi tu. Wiki iliyopita nilikwenda nikakuta magunia matano yamepangwa. Manne yameandikwa JUNI – MBOZI kwa kalamu nyeusi. La tano halina kitu. Nikamuuliza vipi hili. Akaliangalia, akashusha sauti kwa sababu palikuwa na wateja wengine.

"Hilo usichukue, mama. Hilo la tangu mwaka juzi."

Nikamwomba ile kalamu, nikaliandika mwenyewe.